Sura ya Saba: Kope Inapocheza

Mtu anayechezwa na kope hukimbilia kioo. Husogea karibu mpaka pumzi yake inatia ukungu, hutulia, husubiri, na anachokiona humwacha na maswali: uzi mwembamba wa msuli unaotukutika chini ya ngozi, pengine hata hauonekani. Ndani alihisi jicho zima linaruka. Humgeukia mwenzake wa ofisini, "Hebu niangalie hapa, unaona?" Mwenzake hukodoa macho, kisha hutikisa kichwa. Hapo mtu hudhani anadharauliwa, kumbe amepewa habari njema. Aina ya mchezo wa kope isiyo na madhara, ile inayompata karibu kila mtu wakati fulani maishani, huwa ndogo namna hiyo hiyo: mwenyewe huihisi sana na wengine hawaioni. Zile zinazohitaji tiba hazina haja ya kioo, kwa kuwa aliyekaa kiti cha mbele kwenye daladala huziona.

Kuelewa kwa nini iko hivyo kunataka tuifuate neva moja tu tangu mwanzo wake hadi mwisho.

Kope ya juu huinuliwa na msuli mmoja na kufumbwa na mwingine. Unaoinua huamriwa na neva ya tatu ya ubongo, nao si mshtakiwa wetu mkuu. Unaofumba ni msuli bapa wa mviringo uliolizunguka jicho lote, kuanzia kope zenyewe hadi ukingo wa tundu la mfupa. Ndio unaofanya kazi tunapopepesa macho, kiasi cha mara 15 kwa dakika kwa mtu aliyetulia, na ndio unaocheza. Huamriwa na neva ya saba, yaani neva ya uso. Neva hii hutoka katika shina la ubongo, hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa jirani na sikio, hujitokeza chini ya sikio, hupenya tezi ya mate, kisha hugawanyika usoni: tawi la paji, la jicho, la shavu, la mdomo, la shingo. Hitilafu ikiwa mwisho kabisa wa tawi, zitacheza nyuzi chache za kope moja. Ikiwa kwenye shina la neva, karibu na inapotokea ubongoni, itacheza nusu ya uso. Na ikiwa ndani ya ubongo penyewe, kule amri zinakopangwa, macho yatafumba yote mawili. Daktari anayekuuliza "linaanzia wapi, linaishia wapi?" anaitafuta sehemu ya njia hiyo yenye kasoro, na mara nyingi huipata kabla hajagusa kifaa chochote.

Tuanze na mwisho wa tawi. Mchezo wa kawaida, ambao madaktari huuita mayokimia ya kope, hupenda kope ya chini ya jicho moja. Huja kwa vipindi vya sekunde chache, hunyamaza, hurudi mchana ukiwa kwenye kikao, hudumu siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha siku moja unagundua kwamba umeusahau. Jicho halifumbi. Kuona hakuathiriki. Wanaokwenda hospitali na tatizo hili wengi huwa na moja kati ya mambo yale yale: wamekosa usingizi, wana msongo wa mawazo, wanakunywa kahawa au chai ya rangi nzito kupita kiasi, au wanakesha mbele ya skrini. Pombe na sigara nazo zimo. Kwetu lazima tuongeze vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kituo cha basi, ambavyo dereva wa masafa marefu au mwanafunzi wa mitihani hunywa kimoja juu ya kingine, na mirungi, ambayo kazi yake ni ile ile ya kumnyima mtu usingizi aliouhitaji. Mtu wa namna hii akiniuliza dawa, ninamwambia alale. Hafurahi. Angependa kidonge.

Kidonge anachouziwa zaidi ni cha magnesi. Ni kweli kwamba upungufu mkubwa wa magnesi huifanya misuli itikisike, lakini mtu mwenye upungufu wa kiwango hicho kwa kawaida ana sababu nzito nyuma yake, kama kuharisha kwa muda mrefu, ulevi uliokithiri au dawa zinazopoteza madini kwenye mkojo, na hatikisiki kope tu. Ushahidi kwamba kidonge cha magnesi humtibu mtu mzima wa afya anayechezwa na kope ni hafifu. Wengi humeza, kope inatulia baada ya wiki mbili, sifa zinakwenda kwa kidonge. Ingetulia hata wangemeza maji.

Upungufu wa kalsiamu ni jambo zito zaidi. Huweza kumpata aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, pale vitezi vidogo vilivyo nyuma yake, vinavyopanga kalsiamu mwilini, vinapojeruhiwa. Mwaka 1876 daktari František Chvostek alieleza kipimo kisichohitaji chochote isipokuwa kidole: gonga taratibu mbele ya sikio, palipo na neva ya uso, na kwa mgonjwa wa namna hii upande huo wa uso utaruka. Lakini yeye pia atakuwa na dalili nyingine za kusimulia, ganzi kuzunguka midomo, vidole vinavyokakamaa. Kope pekee haitoshi kumtia mtu hofu ya kalsiamu.

Wakati mwingine tawi halina kosa lolote, linalalamika kwa niaba ya jicho. Uso wa jicho ukikauka au ukikwaruzwa, mwili hujibu kwa kupepesa na kukaza kope ili kuukinga. Anayetazama skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, machozi hukauka, kope huanza kulalamika. Kuvimba kwa kingo za kope, kule kunakoacha ukoko kwenye mizizi ya nywele za kope asubuhi, hufanya vivyo hivyo. Na katika maeneo makavu ya nchi zetu, Kongwa huko Dodoma au Narok kwa upande wa Kenya, kuna sababu isiyofaa kupitwa: trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Maambukizi yanayojirudia tangu utotoni huacha kovu ndani ya kope ya juu, kovu huivuta kope, na nywele zake hugeuka kuelekea ndani na kuikwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Mama wa miaka hamsini anayefumbafumba jicho jekundu linalotoa machozi hana shida ya neva. Anahitaji upasuaji mdogo wa kuigeuza kope, na kila mwezi unaopita bila upasuaji huo kovu jeupe linaweza kuongezeka kwenye kioo cha jicho lake. Ndiyo maana kope inayocheza katika jicho jekundu, linalouma au linaloogopa mwanga ni ya kupelekwa kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.

Katika pwani yetu swali la kwanza huwa ni la kulia au la kushoto. Kuna nyumba ambazo la kulia ni mgeni au heri na la kushoto ni machozi, na kuna ambazo hesabu ni kinyume chake, au hutegemea kama ni kope ya juu au ya chini. Hatuko peke yetu. Theocritus, mshairi wa Kigiriki wa karne ya tatu kabla ya Kristo, ana mchunga mbuzi anayechezwa na jicho la kulia na kutumaini kwamba atamwona mpenzi wake. Misri ya zama za Warumi vilikuwepo hata vitabu vya kupigia ramli mitukutiko ya mwili, kiungo kwa kiungo, upande kwa upande. Sina ugomvi na bibi anayengoja mgeni. Daktari naye huuliza upande gani. Ila baada ya hapo anauliza swali ambalo vitabu vile havikuuliza: je, ni upande huo huo tu siku zote, na je, umeshuka shavuni?

Mchezo ukishuka shavuni tumefika kwenye shina la neva. Ugonjwa wenyewe unaitwa spazimu ya nusu ya uso. Kwa kawaida humwanza mtu mzima, mara nyingi wa miaka arobaini au hamsini, kwa mchezo mdogo wa kope usiotofautika na ule wa kahawa. Haukomi. Baada ya miezi au miaka shavu linaanza kuitikia, kisha pembe ya mdomo inavutwa juu, kisha hata ngozi ya shingo inajikaza, vyote kwa pigo moja, vyote upande mmoja. Jicho linafumba lenyewe. Katika jamii yetu hili lina adha ambayo vitabu vya Ulaya havikuifikiria sana: mwanamume mzima anakaa sokoni akionekana kumkonyeza kila mwanamke anayepita, na mke wa mtu anaonekana kumkonyeza mhubiri katikati ya mahubiri. Wagonjwa wa namna hii hujifunza kuushika uso kwa kiganja, kuvaa miwani myeusi, mwishowe kutokwenda harusini.

Chanzo chake kilionekana mapema kuliko magonjwa mengi ya neva. Mwaka 1875 daktari Mjerumani Friedrich Schultze alieleza habari za mgonjwa ambaye, alipofanyiwa uchunguzi baada ya kufa, alikutwa na ateri iliyovimba ikiigandamiza neva ya uso. Kwa wagonjwa wengi hakuna uvimbe, kuna ateri ya kawaida tu iliyojipinda kadiri miaka inavyokwenda na kulalia neva pale inapochomoza kutoka shina la ubongo. Mahali hapo utando unaoikinga neva ni mwembamba. Ateri inadunda juu yake kwa kila pigo la moyo mpaka utando unachakaa, na ujumbe wa tawi moja unarukia tawi jingine, kama nyaya za umeme zilizochunika na kugusana. Ndiyo maana jicho na mdomo huenda pamoja. Mara chache anayegandamiza si ateri bali ni uvimbe, na kwa sababu ya hao wachache kila mgonjwa anastahili kipimo cha MRI pale kinapopatikana.

Joseph Babinski, yule ambaye jina lake kila mwanafunzi wa udaktari hulikariri kwa ajili ya kidole gumba cha mguu, mwaka 1905 aliona jambo jingine dogo. Mtu akifumba jicho kwa hiari yake, unyusi hushuka. Kwa mgonjwa wa spazimu ya nusu ya uso, jicho linapofumba unyusi wa upande huo huo hupanda. Jaribu mbele ya kioo: kufumba jicho moja kwa nguvu huku unyusi wake ukipaa ni jambo ambalo watu wengi hawaliwezi kabisa. Kwa hiyo mtu akishukiwa kwamba anajifanya au anatafuta huruma, unyusi wake unamtetea. Mimi naipenda alama hii kuliko mashine nyingi, kwa kuwa inapatikana hata kwenye zahanati isiyo na umeme.

Upasuaji wa spazimu ya nusu ya uso ulipewa umbo na Peter Jannetta, daktari wa Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi Pittsburgh. Tundu dogo hufunguliwa nyuma ya sikio, ateri hunyanyuliwa kutoka kwenye neva, na kati yao huwekwa kipande laini cha Teflon. Wengi wanaofanyiwa upasuaji huo hupona. Lakini neva ya usikivu inapita bega kwa bega na neva ya uso, na wachache huamka wakiwa wamepoteza usikivu wa sikio hilo. Mtu anayeombwa kuchagua kati ya uso unaoruka na sikio linaloweza kuziba ana haki ya kufikiri kwa muda mrefu.

Jamaa wa karibu wa ugonjwa huu ni masalia ya kupooza uso kwa ghafla, kule kunakoitwa kupooza kwa Bell. Neva iliyojeruhiwa hukua upya, lakini nyuzi zake nyingine hupotea njia: zilizokusudiwa mdomoni hufika kwenye kope. Miezi kadhaa baadaye mtu anatabasamu na jicho linafumba, anakula na kope inacheza. Aliyewahi kupooza uso asisahau kumweleza daktari jambo hilo, hata kama ni miaka iliyopita.

Sasa tuingie ubongoni. Ugonjwa wa huko, blefarospazimu, huanza kwa kupepesa kuliko kawaida, macho yote mawili, hasa kwenye jua, upepo, kusoma au kuendesha gari. Mgonjwa hununua miwani ya jua na matone ya macho, na mara nyingi huambiwa macho yamekauka, jambo ambalo huenda likawa kweli lakini si lote. Kisha kupepesa kunageuka kufumba, na kufumba kunakuwa kwa nguvu, kwa sekunde nyingi. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na umri ni wa miaka hamsini na kuendelea. Kilele chake ni hali ya kusikitisha: macho mazima kabisa, yenye uwezo wa kusoma mstari wa chini wa ubao wa kupimia, na mwenye nayo anaongozwa mkono kuvuka barabara kwa sababu hawezi kuyafumbua. Ni aina ya distonia, yaani amri za misuli zinazokosewa katika viini vya ndani vya ubongo.

Kilichowaponza wagonjwa hawa ni kwamba wana mbinu. Mmoja hugusa kipaji cha uso na macho yakafumbuka. Mwingine hutafuna kitu, hupiga mluzi, huimba. Wakiwa wamelala hutulia, na mara nyingi hutulia hata mbele ya daktari, kwa vile umakini wa mazungumzo huupunguza ugonjwa kwa muda. Madaktari wa zamani waliona mtu anayefumbua macho akiimba na kuyafumba akinyamaza, wakasema ana kichaa cha kujitakia. Mfaransa Henri Meige aliueleza vizuri mwaka 1910, pamoja na hali ambayo taya na midomo navyo hujikaza, lakini kwa miongo mingi wagonjwa waliendelea kupelekwa kwa madaktari wa akili. David Marsden wa London ndiye aliyesukuma sana, katika miaka ya 1970, kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo. Alipouandika mwaka 1976 aliupa jina la mchoraji Brueghel, kwa sababu ya picha ya kale ya mtu aliyeachama kinywa na kufumba macho. Huku kwetu mwanamke anayefumba macho bila kutaka na kuyafumbua anapoimba anaweza kupelekwa kwa mganga wa majini kabla ya kufika kwa daktari yeyote. Sioni kama Paris ya zamani ilikuwa mbele yetu sana.

Dawa nazo huweza kuzaa hali hii. Haloperidoli na klorpromazini, zinazotolewa sana kwenye kliniki zetu za afya ya akili, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika ikitumiwa kwa muda mrefu, zinaweza kuacha misuli ya uso ikijikaza yenyewe. Mgonjwa asizikatishe kwa uamuzi wake, amweleze aliyemwandikia.

Tiba iliyobadilisha kila kitu ni sumu. Bakteria wa botulinamu hutoa sumu inayopooza misuli kwa kuzuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Justinus Kerner, daktari na mshairi wa Ujerumani, aliyaeleza madhara yake mwanzoni mwa karne ya 19 kwa watu waliokula soseji zilizooza. Karibu karne moja na nusu baadaye Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa akitafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kisu. Alidunga kiasi kidogo mno cha sumu hiyo kwenye misuli ya jicho, na ikafanya kazi. Desemba 1989 Marekani iliidhinisha dawa yake kwa makengeza na kwa blefarospazimu. Sindano nyembamba hudungwa kuzunguka jicho, baada ya siku chache msuli hulegea, na nafuu hudumu kiasi cha miezi mitatu kabla ya kurudia. Hutumika pia kwa spazimu ya nusu ya uso. Kope inaweza kulegea kupita ilivyokusudiwa kwa wiki kadhaa, au jicho likakauka. Ni sumu hiyo hiyo ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Botox na kuihusisha na waigizaji wasiotaka makunyanzi. Daktari wa macho wa Vancouver, Jean Carruthers, aligundua matumizi hayo akiwa anawatibu wagonjwa wa kope. Matumizi ya urembo yaliidhinishwa Marekani mwaka 2002, miaka 13 baada ya yale ya kope.

Yaliyobaki ni ya kupita haraka. Mtoto wa shule anayepepesa macho kwa nguvu, anayeweza kujizuia kidogo kisha akalipia kwa kupepesa zaidi, mara nyingi ana tiki ya utotoni inayopita yenyewe, kumgombeza huizidisha. Uso unaotambaa mawimbi madogo bila kupumzika, nusu nzima, hata jicho lisipofumba, unahitaji uchunguzi wa shina la ubongo, kwa kuwa maltipo sklirosisi au uvimbe huweza kujionyesha hivyo. Kope inayoanguka jioni, pamoja na kuona vitu viwili viwili, si mchezo wa kope bali ni udhaifu wa misuli, nao una tiba yake. Na wale wanaosoma usiku kwenye simu na kujiaminisha kwamba kope inayocheza ni mwanzo wa ugonjwa wa kufa kwa neva za misuli: ugonjwa huo huja na udhaifu, mkono unaoangusha vitu, ulimi unaokuwa mzito. Hauji kwa kope peke yake.

Mchezo ukipita wiki kadhaa bila kukoma, ukishuka shavuni, ukifumba jicho kabisa, au ukiwa macho yote mawili, nenda hospitali, na nenda na mambo mawili. La kwanza ni video. Tatizo hili lina tabia ya kunyamaza mlangoni mwa daktari, na nusu dakika ya picha ya simu, iliyopigwa mchana uso ukiwa mwangani, huonyesha unyusi unapanda au unashuka, mdomo umo au haumo. La pili ni mtu unayelala naye. Blefarospazimu hutulia usingizini, spazimu ya nusu ya uso huendelea, na hilo ni swali ambalo mgonjwa hawezi kulijibu mwenyewe hata akiwa mkweli kiasi gani. Mke au mume aambiwe mapema, aamke usiku mmoja, aangalie kwa tochi iliyofifia bila kumwamsha aliyelala.